Mstari wa Hamsini na Nane

Katika kumbukumbu za kituo, hakuna kigae hata mmoja aliyewahi kufa wakati wa kujivua gamba. Takwimu hiyo ndiyo iliyomtoa Dakta Kokuhirwa ofisini asubuhi ile na kumshusha ngazi tisini hadi kwenye matangi.

Haikumfurahisha. Wanyama mia nne na kumi na wawili, miaka mitatu, magamba zaidi ya elfu tisa yaliyovuliwa, na kifo hakuna. Kati ya kaa mia wanaofugwa vizuri, wawili au watatu hufa kila wanapojivua. Kujivua ni kazi ngumu. Mnyama hulazimika kutoka mzimamzima ndani ya mwili wake wa nje, miguu yote, macho, hata utando wa tumbo, kisha akae laini na mnyonge mpaka gamba jipya likauke. Sifuri katika elfu tisa haikuwa dalili ya afya. Ilikuwa dalili kwamba kuna mtu hapimi, au kuna jambo halisemwi.

Mkononi alikuwa na Cheti cha Kuachiwa, cha kuwaruhusu vigae kupelekwa baharini, chenye maswali kumi na moja. La kumi lilisema: *Je, kiumbe hutoka katika gamba lake bila msaada?* Chini yake palikuwa na nafasi ya sahihi ya mtu mmoja tu, yule aliyeuchora mti wa ukoo wa wanyama hao. Mti ulikuwa wake. Aliuchora kwa miaka kumi na minne, na sasa alikuwa na umri wa miaka hamsini na moja, na magoti yaliyohesabu kila ngazi.

Kituo kilijengwa Uvinza, juu ya chemchemi za maji ya chumvi, karibu kilomita elfu moja kutoka bahari, kwa kuwa sheria ilikataza viumbe waliorudishwa kulelewa mahali ambapo wangeweza kutorokea baharini. Chini kabisa kulikuwa na ubaridi na harufu ya tope na chumvi. Taa zilikuwa hafifu. Vigae hawakuzihitaji, kwa sababu hawakuwa na macho.

Alimkuta mtunza matangi, Bi Stamili, ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, kitambaa chenye maji kimetandazwa mapajani. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, ambaye ujana wake wote aliumalizia kwenye sufuria za kuchemshia chumvi, na mikono yake ilikuwa na ngozi kama gome. Kwenye kiganja cha kushoto alikuwa amemshika trilobiti. Mnyama bapa wa kijivu wa bahari za kale, urefu wa kidole gumba, gamba lake limegawanyika kwa urefu katika mapande matatu kama paa lililoezekwa vizuri. Ndiyo maana wafanyakazi waliwaita vigae. Mkono wa kulia ulikuwa na kijiti cha mwanzi kilichochongwa kikawa chembamba kama ukucha.

"Shikamoo, Bi Stamili."

Yule mama hakuinua kichwa. "Marahaba, Dakta. Leo umeteremka mwenyewe? Ngazi hizi si za watu wa vitabu."

"Unafanya nini?"

"Namtoa."

"Unamtoa wapi?"

"Kwenye nguo yake. Ya zamani imembana, mpya iko ndani, na kifungo hakuna." Alipitisha kijiti taratibu ukingoni mwa kichwa, kushoto, mbele, kulia. Kukasikika mlio mdogo, kama wa yai kupasuka. "Haya, toka, baba. Toka, usinidekee."

Kigae akatoka. Alikuwa mweupe, laini, anatetemeka. Bi Stamili alimshusha ndani ya maji kwa mikono miwili, akalitupa gamba tupu kwenye beseni lililojaa magamba mengine.

"Umewatoa wangapi hivyo?" Kokuhirwa aliuliza.

"Uliza wangapi sijawatoa. Hilo ndilo jibu lake fupi."

"Hakuna?"

"Mwaka wa kwanza niliwaacha wanne. Siku mbili wakatapatapa, ya tatu wakanyamaza. Sikuwaandika, maana nilidhani nimewaua mimi, labda kwa chumvi nyingi. Toka hapo natoa. Kumi kwa siku, siku nyingine kumi na mbili."

"Na hukumwambia mtu?"

Sasa Bi Stamili alimtazama. "Nilimwambia msimamizi wa kwanza, yule aliyehama. Akaniambia, mama, wewe jaza fomu. Fomu inauliza, gamba limetoka, ndiyo au hapana. Limetoka. Haiulizi limetokaje."

Kokuhirwa alichukua gamba moja kutoka kwenye beseni, akalizungushia leso, akapanda ngazi tisini bila kuaga. Cheti alikisahau kando ya beseni.

*

Mashine iliitwa Mfumaji. Haikuhitaji mfupa wala tone la damu. Trilobiti walitoweka miaka milioni mia mbili na hamsini iliyopita na hawakuacha kitu cha namna hiyo. Ilichohitaji ni jeni za ndugu waliobaki hai, nge, buibui, kamba na kaa, pamoja na mti wa ukoo uliochorwa kwa usahihi wa kutosha. Ukijua nani ni ndugu wa nani, na tofauti ipi ilianza kwenye tawi lipi, unaweza kurudi nyuma hatua kwa hatua na kukadiria jeni za aliyekufa. Mti ukiwa sahihi, mnyama anakuwa sahihi. Ukiwa na kosa, Mfumaji hafahamu. Hufuma kosa kwa uaminifu uleule.

Mti wenyewe ulitoka kwenye jedwali. Mistari hamsini na nane, kila mstari aina moja ya trilobiti. Safu mia moja na sita, kila safu sifa moja. Katika kila kisanduku kulikuwa na sifuri kama sifa haipo, moja kama ipo, na alama ya kuuliza kama mwamba umekataa kusema. Mwamba ulikataa mara nyingi. Theluthi nzima ya jedwali ilikuwa alama za kuuliza.

Vigae walikuwa mstari wa kumi na nne. Safu ya arobaini na moja iliuliza kuhusu mshono wa uso, ule mstari dhaifu kichwani ambao kwa trilobiti wengi hufunguka wakati wa kujivua. Mashavu mawili huachana na paji, na mnyama hutokea hapo. Kwenye kisanduku hicho Kokuhirwa aliandika sifuri miaka kumi na mmoja iliyopita. Hakuwa mzembe. Alikuwa na vibao ishirini na saba vya mwamba kutoka Moroko, vyote vya tabaka moja, na kwenye vyote kichwa kilikuwa chembamba, bila mashavu, bila mshono, bila macho. Sifuri mara ishirini na saba. Kwa hesabu hiyo, wanyama hawa walikuwa tawi la kale kabisa, waliojitenga kabla mshono haujawahi kutokea.

Alivipanga vibao vyote mezani, akaliweka gamba la kigae katikati.

Kisha akajiuliza swali ambalo mwanafunzi wa mwaka wa pili angejiuliza. Kibao kidogo kuliko vyote kilikuwa na mnyama wa milimita nane. Kikubwa kuliko vyote, milimita sitini. Basi mnyama huyu alikua. Mwenye gamba hakui bila kujivua, na hajivui bila pa kutokea. Gamba la Bi Stamili lilikuwa limepasuliwa kwa kijiti. Je, haya ya kwenye mwamba yalipasukia wapi?

Alizungusha darubini juu ya kila kibao kwa muda wa saa tano. Hakuna ufa. Wala mgongoni, wala ubavuni, wala mkiani.

Kama mlango haupo kwenye kibao, basi mlango ni kile kisichokuwepo.

Aliketi. Hakuhisi kitu kikubwa, ila uchovu, kama mtu aliyepanda mlima akaambiwa ni mlima wa jirani. Vibao vyote ishirini na saba havikuwa na mnyama hata mmoja. Vilikuwa na magamba matupu. Mashavu yalikwisha kuachana na paji, mkondo wa maji ukayachukua kwa sababu ni mepesi, ukayalaza mahali pengine. Na macho ya trilobiti hukaa upande wa mashavu. Ukingo aliouita mwisho wa kichwa ulikuwa fremu ya mlango, na mlango wenyewe ulikwisha kwenda zake na macho.

Alijua umekwenda wapi. Hilo ndilo lililomchosha zaidi. Alivuta droo ya mstari wa thelathini na moja. Humo mlikuwa na vipande kumi na tisa vyenye umbo la mundu, kila kimoja na jicho kubwa, vilivyopatikana mita nne kando, katika tabaka lilelile. Alivipa jina la aina nyingine. Mnyama ambaye hakuna aliyewahi kuuona mkia wake wala kifua chake, na kwa miaka kumi na mmoja hakuona ajabu yoyote katika jambo hilo.

Alipima kipande cha kwanza kwenye kichwa cha kibao cha nane. Pembe ilikaa ndani ya pengo lake. Akapima cha pili. Cha tano. Cha kumi na tisa.

Kwenye kila shavu, jicho lilikuwa na lenzi mia moja na arobaini.

*

Profesa Lwitiko, mkurugenzi wa vituo vyote vya kurudisha viumbe waliotoweka, alitokea kwenye skrini ya ukutani akiwa ofisini kwake Dodoma, miwani ikiwa kwenye paji la uso. Walisoma pamoja. Alikuwa mmoja wa watu wachache waliobaki wanaomwita Koku.

"Una uhakika?" aliuliza.

"Mashavu kumi na tisa yamekaa. Yote."

"Labda wanafanana tu."

"Lwitiko."

"Haya, haya." Alisugua macho. "Basi tufanye hivi. Swali la kumi ujibu hapana. Useme wanahitaji uangalizi zaidi. Kuwaachia kunaahirishwa, wao wanabaki tangini, yule mama anaendelea na kijiti chake. Hakuna anayekufa."

"Na mti?"

"Mti si lazima uguswe sasa."

"Tarehe mosi Mfumaji anaanza aina sita mpya kwa mti huohuo."

"Najua ratiba, Koku. Niliisaini mimi."

"Mstari wa kumi na nne ndio unaoshika shina. Ukiacha sifuri pale, mashine itahesabu kwamba wote sita wametoka kwa babu asiye na mshono. Watazaliwa vipofu ndani ya sanduku lisilofunguka. Si mia nne. Elfu arobaini, katika vituo kumi na kimoja."

"Labda."

"Hakuna labda. Nimeshaendesha hesabu."

Lwitiko alishusha miwani. Nyuma yake mtu alipita na sinia la chai.

"Ukirekebisha mti," alisema, "vigae wanakuwa kiumbe ambaye hakuwahi kuwepo. Kifungu cha tisa cha sheria kinaanza kazi saa hiyohiyo. Siku kumi na nne, halafu matangi yanapoozwa. Hakuna rufaa."

"Nakumbuka. Nilikuwa kwenye kamati."

"Wewe ndiye uliyepigania kusiwe na rufaa. Ulisema tukiacha upenyo mmoja, kila mwenye maabara atafuga joka lake."

"Nilikuwa sahihi."

"Na sasa?"

"Bado ni sahihi," Kokuhirwa alisema. "Ndiyo shida yenyewe."

*

Alimkuta Bi Stamili kwenye chumba cha kulia, ana ugali wa muhogo na samaki mgebuka. Aliketi mbele yake akamweleza yote, kwa mpangilio, bila kuruka kitu. Vibao, mashavu, sifuri, aina sita, kifungu cha tisa. Bi Stamili alisikiliza akila, akiondoa miiba kwa vidole.

"Kwa hiyo aliyekosea ni wewe," alisema mwishowe.

"Ni mimi."

"Na watakaokufa ni wao."

"Ndiyo."

"Sawa. Nilitaka nisikie kama utazunguka." Alisogeza sahani. "Na ukinyamaza?"

"Hawa wataishi mradi upo wewe. Lakini watazaliwa wengine elfu nyingi walio kama hawa, na kila kituo kitahitaji Bi Stamili wake. Hawapo. Watunza matangi wa huko watajaza ukweli kwenye fomu, watakaa siku tatu wakiwaangalia, basi."

"Na hawa nao, mimi nikifa?"

"Ndiyo. Na hilo."

Bi Stamili alinawa mikono kwenye bakuli, kidole kimojakimoja. "Hiyo sheria yenu inasema hawakuwahi kuwepo. Mimi nimewashika, Dakta. Kila mmoja, zaidi ya mara ishirini. Kwa nini hamkuandika 'waliozaliwa kwa makosa'? Watu kama hao wapo hata kwetu, na hatuwapoozi."

Kokuhirwa alimsogezea kitambaa cha kukaushia mikono. "Tulidhani kosa litaonekana kabla ya kuzaliwa. Hatukumfikiria mtu atakayelifunika kwa wema."

"Sasa unanilaumu?"

"Hapana. Naeleza lilivyofichika."

"Wanaumia wakipoozwa?"

"Wana mishipa ya fahamu. Nadhani baridi huwalaza kwanza."

"Unadhani." Yule mama alisimama, akachukua sahani yake. "Mimi ninachojua ni kwamba ukiwapitishia kijiti hukunja miguu, na ukiwashika kwa joto la mkono huikunjua. Hilo sidhani."

Saa tisa alasiri Kokuhirwa alifungua jedwali. Alihamisha mashavu kutoka mstari wa thelathini na moja kwenda wa kumi na nne. Safu ya arobaini na moja, mshono: sifuri ikawa moja. Safu ya arobaini na nne, macho: sifuri ikawa moja. Kisha akaufuta mstari wa thelathini na moja, kwa kuwa mnyama huyo hakuwahi kuishi popote isipokuwa kwenye droo yake. Iliyobaki ilikuwa mistari hamsini na saba.

Mti bora ni ule unaoeleza sifa zote kwa mabadiliko machache zaidi. Mti wa zamani ulihitaji mabadiliko mia mbili na kumi na tisa, na kwenye matawi yake kulikuwa na pembe tatu ambazo hazikumridhisha kamwe. Mashine ilipiga hesabu kwa sekunde arobaini. Mti ukajipanga upya. Mia mbili na tatu. Zile pembe tatu zikanyooka zenyewe, moja baada ya nyingine, kama shati lililopigwa pasi. Ulikuwa mti mzuri kuliko wote aliowahi kuchora.

Aliutuma. Kwenye fomu ya masahihisho, mahali palipoandikwa *chanzo cha kosa*, hakuandika "ubora wa sampuli" kama wengi walivyozoea. Aliandika jina lake.

*

Siku kumi na nne ziliwekwa na kamati ili kituo kipate muda wa kuandaa mitambo ya baridi. Hapakuwa na kazi nyingine iliyotakiwa. Hata hivyo, kila asubuhi Kokuhirwa aliteremka ngazi tisini na daftari, akaketi kwenye ndoo ya pili.

Siku ya kwanza Bi Stamili hakumsemesha. Siku ya tatu alimwambia anakaa vibaya, maji yatamlowesha. Siku ya tano alimuuliza anaandika nini.

"Sifa zao. Kama za kwenye jedwali."

"Kwa ajili ya nini, na wanakufa?"

"Wapo. Kitu kikiwepo kinaandikwa."

Yule mama alicheka bila furaha. "Watu wa vitabu nyie. Haya, andika basi kwamba wakitaga hubeba mayai tumboni, upande wa nyuma. Hilo huwezi kulipata kwenye jiwe."

Aliandika. Aliandika wanatembea vipi kwenye tope, mguu upi unatangulia. Alihesabu pingili za mdogo kuliko wote, na za mkubwa kuliko wote. Aliandika kwamba hukusanyika watano watano kabla ya kujivua, wakielekeza vichwa upande mmoja, jambo ambalo kwa miaka mia mbili wataalamu walibishana kama trilobiti waliwahi kulifanya. Hakujua kama lilitoka kwa babu zao au Mfumaji alilibuni. Aliliandika hivyo pia.

Siku ya kumi na mbili walikuwa kumi na mmoja waliofikia kujivua. Bi Stamili aliwapanga kwenye kitambaa, akaanza na kijiti.

"Zimebaki siku mbili," Kokuhirwa alisema.

"Siku mbili ni siku mbili. Wewe ungependa uzimalizie umebanwa?"

Alifanya kazi mpaka wa saba. Kisha akakunja na kukunjua vidole, akamnyooshea Kokuhirwa kijiti. "Mikono imekufa ganzi. Shika."

"Sijawahi."

"Nilidhani wewe ndiye uliyewatengeneza."

Kokuhirwa alimchukua kigae wa nane. Alikuwa mzito kuliko alivyotazamia. Alipoweka ncha ukingoni mwa kichwa, miguu yote ilikunjwa kwa pamoja, kama mkono unaofumba. Alisubiri. Kiganja chake kilikuwa na joto. Miguu ikakunjuka, mmoja, halafu mingine. Akapitisha kijiti kushoto, mbele, kulia, palepale ambapo alipaswa kuandika moja.

"Taratibu," Bi Stamili alisema. "Msemeshe."

"Nimwambie nini?"

"Chochote. Hana masikio, lakini mkono wako utatulia."

"Toka," Kokuhirwa alisema. "Toka, samahani, toka."

Akatoka.

Siku ya kumi na nne mitambo iliwashwa saa nne asubuhi. Wote wawili walikuwepo. Ilichukua saa tatu na dakika kumi, na vigae walikunja miguu, na safari hii hapakuwa na kiganja cha kutosha mia nne na kumi na wawili. Bi Stamili aliingiza mikono yake tangini na kuiacha humo mpaka mtaalamu wa mitambo alipomwomba aitoe.

Mchana Kokuhirwa alirudi ofisini, akafungua jedwali, akaongeza mstari wa hamsini na nane. Aliujaza kutoka kwenye daftari, kisanduku kwa kisanduku. Mshono: sifuri. Macho: sifuri. Alipofika mwisho wa safu mia moja na sita, aliongeza ya mia moja na saba, ambayo kwa trilobiti mwingine yeyote isingeweza kujibiwa: *hukunjua miguu kwenye joto la mkono*. Katika mistari yote hamsini na saba ya juu aliweka alama ya kuuliza. Katika wa mwisho aliweka moja.

Mashine ilimuuliza kama mstari huu uingizwe kwenye mti. Alijibu hapana, kwa sababu haukuwa na tawi, na hangeudanganya mti mara ya pili. Ilimuuliza jina la kiumbe. Aliandika *kigae*, akahifadhi.

Kisha alilitazama jedwali lote kwa muda, kutoka juu hadi chini, maisha yake ya miaka kumi na minne. Alama za kuuliza zilitapakaa kila mahali, juu ya kila mnyama aliyewahi kuishi. Mstari wa hamsini na nane ndio pekee ambao haukuwa nayo hata moja.